Stevia kwenye Ndoo: Ushauri kwa Wanywaji Chai wa Mukendo

Kabla hujaanza kutafuta mche wa stevia, ule mmea wenye majani matamu, pima kwanza sukari inayoliwa nyumbani kwako. Nunua kilo yako kama kawaida, andika tarehe kwenye mfuko, kisha uone inaisha siku gani. Kijiko kimoja cha chai hubeba gramu 4 hivi. Kaya ya watu wanne, kila mmoja akitia vijiko viwili asubuhi na viwili jioni, inamaliza vijiko 16 kwa siku. Hizo ni gramu 64, karibu kilo 2 kwa mwezi, na hapo hatujagusa uji, juisi wala maandazi.

Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari tunayoongeza kwenye vyakula, pamoja na ile ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5. Kwa mtu mzima asilimia 5 ni kama gramu 25, yaani vijiko sita. Vijiko vinne vya chai vimeshakula theluthi mbili ya hiyo, na soda moja ya chupa, yenye zaidi ya gramu 30, inaivuka peke yake. Hapa Tanzania, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta watu wazima 9 hivi katika kila 100 wana kisukari. Ukiwa Mukendo, Nyasho au Bweri mjini Musoma, huhitaji kwenda mbali kumpata jamaa aliyeambiwa kliniki aache sukari na bado anataka chai yake iwe na utamu. Huyo ndiye ninayemwandikia, yeye na anayempikia.

Nimeanza na kipimo kwa sababu stevia imezungukwa na maneno mengi ya wauzaji. Utaambiwa mche mmoja unatosha kuiaga sukari. Hautoshi. Majani makavu ya stevia yanaizidi sukari kwa utamu mara 10 hadi 15. Ile mara 200 au 300 unayoisikia ni ya unga uliosafishwa kiwandani. Ili kufidia gramu 64 za kaya yetu ya mfano unahitaji kama gramu 5 za majani makavu kila siku, karibu kilo 1.8 kwa mwaka. Shambani, shina moja hutoa gramu 20 hadi 30 za majani makavu kwa mwaka. Piga hesabu mwenyewe: ni mashina 60 hadi 90.

Bunda vijijini au Butiama, mashina hayo ni tuta moja au mawili nyuma ya jiko, eneo dogo kuliko bustani ya mchicha. Lakini kata ya Mukendo iko katikati ya mji wa Musoma, nyumba na maduka yamebanana, na mwenye meta sita za mraba za udongo mtupu uani ana bahati. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: usipande kwa ajili ya kaya nzima. Panda kwa ajili ya mtu mmoja. Mama au baba mwenye kisukari aliyekuwa akitia vijiko vinne kwa siku atatoshelezwa na mashina 20 hivi, nayo yanaenea kwenye ndoo nane hadi kumi za lita 20, mawili au matatu kila ndoo. Hizo zinapangika kando ya ukuta wa nyumba ya kupanga bila kumkera mwenye nyumba.

Kama shida yako ni bei ya sukari, sikudanganyi. Mwanzoni mwa 2024, mvua za El Niño zilipovuruga uzalishaji viwandani na kilo ikapita shilingi 4,000 sehemu nyingi za nchi, mwenye majani makavu kwenye kopo angepata nafuu. Miaka ya kawaida, ukihesabu maji, samadi na muda wako, akiba ni ndogo. Faida yake kubwa ni ya kiafya.

Mmea wenyewe kwao ni Paraguay, ambako Waguarani walikuwa wakitia majani yake kwenye vinywaji vyao kwa karne nyingi. Mtaalamu wa mimea Moisés Bertoni, Mswisi aliyehamia huko, aliueleza kisayansi mwaka 1899, na Wajapani ndio waliougeuza bidhaa ya kiwandani kuanzia miaka ya 1970. Huku kwetu mfano wa karibu uko ng'ambo ya mpaka: Kericho, kwenye nchi ya chai ya Kenya, wakulima wadogo walianza kuilima stevia kibiashara mwishoni mwa miaka ya 2000 kwa ajili ya kampuni ya PureCircle. Kwa hiyo hatupandi kitu kigeni kabisa katika bonde la Ziwa Viktoria.

Porini Paraguay stevia huota kwenye udongo wa kichanga kandokando ya mabwawa na vijito. Hilo peke yake linakueleza nusu ya kazi: mizizi yake mifupi inataka unyevu kila siku, lakini haitaki kusimama majini. Udongo wa kichanga wa Musoma unaifaa ukiongezewa samadi. Kwenye ndoo changanya mafungu mawili ya udongo wa bustani, fungu moja la mchanga na fungu moja la samadi ya ng'ombe iliyokaa hadi ikapoteza harufu. Samadi mbichi itaunguza mizizi. Toboa matundu matano au sita chini ya ndoo, kisha uinue juu ya mawe ili maji yapite. Mkulima wa Bunda mwenye udongo mweusi wa mbuga, ule unaonata wakati wa mvua na kupasuka kiangazi, asipande bapa hata kidogo. Ainue matuta angalau sentimita 30, la sivyo masika moja itamwozeshea mashina yote.

Usihangaike na mbegu. Mbegu za stevia ni nyepesi kiasi cha kupeperushwa na pumzi, nyingi ni tupu, na zinazoota huzaa mimea isiyolingana utamu. Tafuta vipandikizi kutoka kwenye shina unalolijua. Kabla hujakata, chuma jani moja la mama yake ulitafune. Kama utamu ni hafifu au uchungu unatangulia, shukuru, aga, nenda kwingine, maana kipandikizi humfuata mama yake kabisa. Na kwa wanaopita Sirari mara kwa mara: mmea hauvushwi mpakani kwenye kapu la nguo. Vibali hutolewa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA), na kipandikizi kimoja chenye ugonjwa kinaweza kuingia kwenye mashamba ya watu wasiokuwa na habari na chai yako. Anza kwa kumuuliza afisa ugani wa kata au wauza miche waliosajiliwa.

Kipandikizi kizuri ni ncha ya tawi bichi lisilo na maua, urefu wa kidole cha kati. Ondoa majani ya chini, bakiza manne ya juu, zika vifundo viwili kwenye mchanga wenye unyevu. Kifunike na chupa ya maji iliyokatwa kitako, ukiiacha bila kifuniko, na uweke kivulini. Ndani ya wiki mbili hadi nne kitashika mizizi. Utajua kwa kukivuta kidogo sana: kikikataa kung'oka, kimeshika. Kihamishie kwenye ndoo jioni, siyo saa sita mchana.

Sasa nije kwenye jambo ambalo maelezo ya nje hayatakuambia, kwa sababu yanaandikwa kwa ajili ya nchi ambazo mchana hurefuka na kufupika kwa majira. Stevia hutoa maua pale mchana unapokuwa mfupi, chini ya saa 13 hivi. Kwao Paraguay hilo huja kwa msimu. Musoma iko kama digrii moja na nusu tu kusini mwa Ikweta, na mchana wetu una saa 12 na dakika chache, Juni sawa na Desemba. Kwa mmea huu, hapa kwetu ni msimu wa maua mwaka mzima. Mche wa sentimita 20 utaona umeshatoa vijiua vyeupe, na mwenyewe anafurahi, anaita majirani waone. Kumbe umeshaanza kuzeeka. Maua yakifunguka, nguvu yote inakwenda kwenye mbegu, shina linakonda, majani mapya yanakuwa madogo na utamu unapungua.

Dawa yake ni mkasi. Mche ukifika sentimita 15, kata ncha. Yatatoka matawi mawili au zaidi. Nayo yakirefuka, kata ncha zake. Kila wiki pita ukikagua ncha, na popote unapoona vitumba vya kijani vinajikusanya, ondoa kabla havijaonyesha weupe. Asiye na tabia ya kuangalia ndoo zake kila wiki asianze. Na kama una taa ya ulinzi inayowaka uani usiku kucha, jaribu kupanga baadhi ya ndoo chini yake. Mwanga wa usiku huuchanganya mmea ukadhani mchana ni mrefu, na maua huchelewa. Simshauri mtu anunue umeme kwa ajili hiyo, lakini kama taa inawaka hata hivyo, acha ikufanyie kazi mbili.

Mengine ni mepesi. Jua la kutosha, ila kuanzia Juni hadi Septemba mvua zinapokata, kivuli cha saa za adhuhuri kinasaidia na maji yaende kila asubuhi. Matawi yake huvunjika kirahisi, kwa hiyo upande unaopigwa na upepo wa ziwa weka kizuizi. Vidukari na nzi weupe wakitokea, waoshe na maji yenye sabuni kidogo. Usipulizie dawa ya pamba au ya nyanya kwenye jani unalokwenda kulichemsha kwenye chai keshokutwa. Baada ya miaka miwili au mitatu shina huchoka. Kabla halijachoka, chukua vipandikizi vyake uanze upya.

Uvunaji wa kwanza ni baada ya miezi miwili au mitatu, na baadaye kila baada ya wiki sita hadi nane. Utamu uko juu zaidi pale mmea unapojiandaa kuchanua. Kata matawi asubuhi umande ukishakauka, ukibakiza kisiki cha sentimita 10 chenye majani machache. Nyonyoa majani, osha upesi, kung'uta maji, yatandaze kwa unene wa jani moja kwenye ungo au wavu mahali penye upepo. Hapa mwana Musoma ana faida: upepo wa ziwa unakausha haraka, na kukauka haraka ndiko kunakohifadhi utamu. Majani yaliyokaa yamelundikana kwa siku nne yakaanza kuwa meusi yamepoteza sehemu ya thamani yake. Lakini angalia unayatandaza wapi. Jani linalokauka hufyonza harufu, na sijui mtu anayetaka chai yenye kumbukumbu ya dagaa. Ukilishika likavunjika kwa mlio, limekauka. Lisage kwa mkono au kwenye kinu kisafi, tia kwenye chupa yenye kifuniko, weka mbali na mwanga.

Jikoni, kosa la karibu kila anayeanza ni kuzidisha. Utamu wa stevia hauingii ulimini haraka kama wa sukari. Unachelewa kidogo, kisha unakaa. Mtu anaonja, anaona bado, anaongeza, na dakika moja baadaye kikombe kizima kimekuwa na ule uchungu wa majanijani nyuma ya ulimi. Kwa chai ya maziwa ya vikombe viwili, anza na nusu kijiko cha chai cha majani makavu yaliyosagwa, au majani mabichi sita, ukiyatia pamoja na majani ya chai na tangawizi. Acha vichemke, chuja, onja, subiri kidogo, ndipo uamue kipimo cha kesho. Moto hauharibu utamu wake, kwa hiyo usiogope kuchemsha. Tangawizi, iliki na mdalasini huuficha vizuri ule ukakasi wake. Chai ya rangi isiyo na kiungo huuanika. Mzoeshe mgonjwa wako pole pole: wiki ya kwanza punguza sukari nusu na uongeze stevia kidogo, wiki zinazofuata endelea kupunguza. Ulimi uliozoea vijiko vitatu haubadilishwi kwa amri.

Uji wa ulezi unapokea stevia vizuri kuliko vyote, hasa ukiwa na limau au ukwaju. Usitie majani moja kwa moja ukaacha chembe za kijani zikielea. Loweka kijiko kimoja kwenye nusu kikombe cha maji ya moto kwa robo saa, chuja kwa kitambaa, mimina maji yake mwishoni. Maji hayo hayo yanafaa kwa juisi, na kwenye friji hukaa siku chache tu. Kwa mtoto aliye chini ya miaka miwili, uji usitiwe stevia kabisa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2023 kuhusu chakula cha watoto wa umri huo unakataza vikoleza utamu visivyo sukari, kama unavyokataza vyakula vyenye sukari nyingi. Mpe ndizi mbivu iliyopondwa.

Maandazi na keki, acha. Sukari kwenye unga haileti utamu peke yake. Inaleta ujazo, rangi ya kahawia na chakula cha hamira, na stevia haina hata kimoja. Jamu nayo haitadumu, kwani kinachoizuia isioze ni wingi wa sukari.

Yafuatayo ningependa yasomwe na kila mtu wa nyumba yenye mgonjwa wa kisukari, hata asiyekunywa chai. Stevia haipandishi sukari mwilini, na ndiyo maana tunaitaka. Kwa sababu hiyo hiyo, haiwezi kumwokoa mgonjwa wa kisukari ambaye sukari yake imeshuka ghafla baada ya kuchoma insulini au kumeza dawa bila kula. Akianza kutetemeka, kutoka jasho la baridi na kuongea visivyoeleweka, lakini bado anaweza kumeza, mpe sukari halisi, asali au soda ya kawaida mara moja. Mwana aliyekimbilia chai ya stevia kwa kuwa "baba haruhusiwi sukari" anapoteza dakika ambazo hana. Akiwa hawezi kumeza, usimtie kitu mdomoni, mkimbize hospitali.

Vivyo hivyo kwa kuhara. Pakiti za chumvi-sukari zikikosekana, mchanganyiko wa nyumbani ni lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chumvi. Sukari pale haipo kwa ajili ya ladha: ndiyo inayosaidia utumbo kufyonza chumvi na maji. Stevia ndani yake ni maji ya chumvi matamu, basi. Katika mji wa kando ya ziwa unaokijua kipindupindu, hilo si jambo la kubahatisha.

Kuhusu usalama, elewa tofauti moja. Kamati ya wataalamu ya Shirika la Chakula na Kilimo na Shirika la Afya Duniani mwaka 2008 iliweka kiwango salama cha miligramu 4 kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa siku, zikihesabiwa kama stevioli, kiini cha kemikali za utamu wa stevia. Kiwango hicho ni cha unga uliosafishwa, wenye usafi wa asilimia 95 au zaidi. Jani zima halijachunguzwa kwa kina hicho, na Marekani haijaliidhinisha kama kikoleza utamu cha kuuzwa. Kwangu hiyo ni sababu ya kuwa na kiasi: vikombe viwili au vitatu kwa siku, siyo birika zima, na mjamzito aliache hadi ajifungue. Wanaume watauliza, nawajua, kama linapunguza uzazi. Hofu hiyo ilitokana na utafiti wa panya wa mwaka 1968, na tafiti zilizofuata hazikuuthibitisha.

Ukinunua vipakiti dukani badala ya kupanda, geuza upande wa nyuma usome viungo. Vingi vimejazwa dekstrosi au maltodekstrini, ambavyo ni vya jamii ya sukari na wanga, na stevia yenyewe ni chembe tu. Na anayetaka kupungua uzito, ajue kwamba mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri vikoleza utamu visivyo sukari visitegemewe kwa kazi hiyo. Wenye kisukari tayari hawakuhusishwa na ushauri huo, lakini nao wasijidanganye: kikombe cha chai kisicho na sukari hakifuti mlima wa ugali wa muhogo uliokuja baadaye.

Uwe unahudhuria kliniki Kwangwa, Bunda au Butiama, mwambie muuguzi au daktari kwamba unatumia majani haya, umwonyeshe na vipimo vyako vya wiki chache tangu uanze. Dawa usiipunguze mwenyewe hata kama namba zimependeza. Na mashina yako yakistawi, majirani watakuja na vikombe kuomba vipandikizi. Wape bure, uwaeleze kwamba ni jani la kutia utamu kwenye chai. Yeyote anayeliuza kama tiba ya kisukari, msinunue kwake.